Barabara ya Osukuku

Chungu cha pombe cha madereva pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Dereva aliyefika hakutia mrija kwenye pombe kabla ya kuitoa barabara. Kuitoa barabara ni kueleza njia uliyopita: wapi lami imeng'oka, mteremko gani una ukungu asubuhi, daraja lipi limeliwa na maji. Wenzako walisikiliza kimya, kwa sababu kesho yake mmoja wao angepita papo hapo na trela iliyojaa. Ukimaliza, Mama Amongin, mpishi wa pombe ile ya wimbi na mwenye kiambo, alimimina maji ya moto chunguni, nawe ukaketi kwenye kigoda chako.

Callistus Osukuku alikuwa na kigoda hapo tangu mwaka wa themanini na moja. Alizaliwa Amagoro, akaingia barabarani kama utingo, kisha akapewa usukani, na kwa miaka kumi na minne akapeleka trela kutoka Mombasa hadi Kampala na kurudi. Mwaka wa tisini na tano, kule Timboroa, alikuwa anabadilisha gurudumu, jeki ikateleza. Goti lake la kushoto lilipona lakini halikukunjika tena. Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Hakuna tajiri anayempa gari mtu asiyeweza kukanyaga klachi.

Akarudi nyumbani, akawa fundi wa kushona maturubai ya malori. Alikaa kando ya foleni ya forodha, sindano ndefu mkononi, turubai limemfunika mapaja kama blanketi la mgonjwa. Jioni jua likiwa bado juu ya Tororo, alikwenda chunguni. Hakuna aliyemnyima kigoda. Lakini zamu ya kuitoa barabara ilipomfikia, ilimruka. Walimruka kwa heshima, kama watu wanavyopunguza sauti wakipita penye matanga. Miaka mitatu alirukwa hivyo, na ile heshima ilimuuma kuliko goti.

Mwaka wa tisini na nane, binti mmoja wa Busia aitwaye Dolphine alifungua hapo Malaba chumba cha gemu nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Alikuwa na televisheni mbili na mashine mbili za gemu zilizotoka Kampala. Alimwita Osukuku amshonee turubai la kuziba dirisha, kwa sababu mwanga wa mchana ulifuta picha. Osukuku alishona, akafunga, kisha akabaki amesimama akitazama. Kwenye kioo gari lilikuwa linateremka mlima.

"Keti, mzee," Dolphine alimwambia. "Hii haiumi."

"Klachi iko wapi?"

"Hakuna klachi. Gia ni ya kidole."

Osukuku alikitazama kile kishikio chenye vitufe, akakichukua kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa wengine. Akaketi.

Alichogundua kwanza ni kwamba gari lile halikuwa na mchezo. Lilikuwa na uzito. Ukichelewesha breki, pua ilizama na mkia ukatoka. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona, lilikutupa nje, bila huruma na bila chuki, kama gari lolote. Matairi yalichoka. Siku hiyo alianguka mara kumi na moja, na kila mara alijua kosa lilikuwa lake.

Dolphine alimweleza kwamba barabara zilikuwa za aina mbili. "Hizi hapa ni za ukweli, mzee. Ziko Ulaya, ziko Japani. Hizi zingine walitunga tu. Haziko mahali."

Vijana wa mjini walipenda zile za ukweli. Osukuku alizijaribu siku mbili. Alipokuwa akipiga kona, mtu nyuma yake alisema, "Si hapo, mzee! Wenyewe hupita ndani." Mwingine akasema hapo ndipo bingwa fulani aliumia. Osukuku akakiweka kishikio chini.

"Hiyo ina wenyewe," alisema. "Nipe ile haina mtu."

Akapewa. Ilianza juu, kwenye msitu wa misonobari, lami nyeusi imelowa kidogo. Iliteremka kwa kona saba, ikaingia handaki refu chini ya mlima, ikatokea ghafla kwenye mwanga na daraja, bahari upande wa kushoto, kisha ikapanda polepole kupitia mji wenye paa nyekundu usio na mtu hata mmoja, hadi kwenye misonobari tena. Osukuku hakuwahi kuona barabara iliyopangwa hivyo. Barabara alizozijua zilifuata njia ya reli, au shamba la mzungu fulani, au mbuga ya serikali. Zilikata kona kukwepa kitu cha mtu. Hii ilikata kona kwa sababu kona ni tamu. Mtu mmoja alikaa akawaza: dereva akitoka gizani, angependa kuona nini? Akamwekea bahari.

Hapakuwa na mizani. Hapakuwa na kizuizi cha misumari wala askari wa kukinga mkono dirishani. Hapakuwa na pa kupunguza mwendo kwa ajili ya rafiki aliyebaki pale. Kutoka Mariakani mpaka Kanduyi, Osukuku alijua misalaba thelathini na miwili iliyochomekwa kando ya lami, na majina ya karibu yote. Kwenye barabara hii hakumjua maiti yeyote. Aliendesha mwaka mzima, kila siku baada ya chakula cha mchana, hadi akaijua kuliko njia ya kwenda kwao.

Basi jioni moja ya mwaka wa tisini na tisa, zamu ilipotaka kumruka, Osukuku alikohoa. "Nina barabara," alisema.

Hakuna aliyetaka kumuuliza ameendesha nini na goti lile. Akaitoa kona kwa kona. Alisema gia. Alisema kwamba kwenye mdomo wa kutokea handakini kuna kivuli kinachofanana na tuta, mgeni hushika breki hapo akapotea. Alisema daraja halitaki breki kabisa. Wanaume wazima walisahau mirija mdomoni. Alipomaliza, dereva aitwaye Zephaniah Omolo, mtu wa safari ndefu, aliuliza, "Iko upande gani, mzee?"

"Mbali," alijibu Osukuku. "Huko mbele."

Jibu hilo lilikuwa kosa lake. Hakusema uongo, lakini aliona mlango wa uongo ukiwa wazi na hakuufunga, kwa sababu miaka minne hakuna aliyekuwa amemwuliza swali.

Wiki mbili baadaye Zephaniah alipewa mzigo wa Kigali, njia ambayo hakuwahi kuipita. Akawaza milima iliyo mbele, akawaza ile barabara ya Osukuku. Alipofika Kabale, kusini mwa Uganda, alisimamisha trela kwenye kituo cha mafuta, akauliza kwa unyenyekevu handaki liko umbali gani, na je, bahari inaonekana kabla ya mpaka wa Katuna au baada ya Katuna. Waliokuwepo walicheka hadi mmoja akashikilia pampu. "Ssebo, bwana, bahari? Mkenya ameleta bahari yake!" Kufika Kigali habari ilikuwa imemtangulia. Aliporudi Malaba, hata makarani wa forodha walimwuliza kama amebeba samaki.

Aliingia kiamboni kwa Mama Amongin bila kuvua kofia. "Mzee, umeniaibisha nchi mbili," alimwambia Osukuku. "Nimeuliza hapa mjini. Naambiwa barabara yako iko kwa televisheni ya Dolphine!"

Vicheko vikaruka. Mkuu wa chungu, mzee Ekwaro, hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa dereva wa zamani kuliko wote, na hasira yake ilikuwa na sababu. "Kuna mtu aliketi hapa mwaka wa themanini na saba," alisema, "akatuambia daraja ni zima, na hakuwa amelipita. Tulizika wawili kwa sababu ya mdomo wake. Callistus, ulikuwa mmoja wa wachimba kaburi." Akainama, akauchomoa mrija wa Osukuku chunguni, akaulaza chini kwenye vumbi. "Sema mbele ya watu kwamba ulidanganya. Ukisema, kigoda chako hiki hapa. Usiposema, nenda."

Hapo Osukuku alikuwa na njia rahisi. Neno moja, na angeketi. Alisimama kwa kulisukuma goti kwa mkono.

"Zephaniah, kwa aibu uliyopata, nisamehe. Nilipaswa kukwambia haiko duniani. Hilo ni kosa langu." Kisha akamgeukia Ekwaro. "Lakini sikudanganya. Nimeendesha kila kona niliyoitaja. Njoo uiendeshe. Ukipata kona moja nilikosea, moja tu, nitasema mnachotaka ninyi, na sitakanyaga hapa tena."

"Mimi nicheze gemu? Na hizi mvi?"

"Basi nyamaza kuhusu barabara usiyoijua. Si hiyo ndiyo sheria ya hapa?"

Watu wakasema "ah!" Ekwaro akakubali kwenda, ingawa kutazama tu. Kesho yake saa nane mchana, chumba cha Dolphine kilijaa madereva wanene waliokalia benchi la vijana. Zephaniah ndiye aliyeshika kishikio, maana ndiye aliyeumizwa. Osukuku alisimama ukutani akigeuza uso, asitazame kioo.

"Usiniambie kitu," Zephaniah alisema. "Ulishaniambia."

Mara ya kwanza alianguka kwenye kona ya tatu, na ya pili pia. Dolphine alimwonyesha tena vitufe. "Boss, si lori hii. Taratibu na kidole." Mara ya tatu akaingia handakini. Kile kivuli kikaja, kimelala njiani kama tuta, na mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu ya udongo, desturi ya miaka ishirini. Lakini kidole chake hakikubonyeza. Gari likapita juu ya kivuli, laini, likatokea kwenye mwanga.

Daraja likaja, bahari ikaja upande wa kushoto.

"Mama yangu," Zephaniah alisema polepole. "Kweli iko hapa."

Alimaliza mzunguko mzima. Osukuku, uso ukutani, alikuwa anataja gia kwa sauti ya chini, na hakukosea hata moja.

Ekwaro alikuwa amekaa mlangoni. "Sawa, kona zipo," alisema. "Lakini si barabara. Inatoka wapi, inaenda wapi?"

"Inazunguka."

"Barabara isiyofika mahali!"

"Mzee, ulikwenda Mombasa na kurudi miaka thelathini. Ulifika wapi?"

Kicheko kilianza, kikajizuia. Ekwaro aliinuka. "Mtu aliketi mezani akaichora! Hakuna aliyeilima, hakuna aliyeikanyaga. Ni mchoro."

"Na huu mpaka?" Osukuku aligeuka sasa, akainyooshea kidole foleni ya malori nje ya mlango. "Nani aliulima? Mtu aliketi mezani kwao, hajawahi kuona mto huu wa mpakani, akapiga mstari. Dada yako ameolewa ng'ambo, tena ng'ambo unayoiona ukisimama hapa. Mumewe alipokufa ulisubiri muhuri ndipo ukamzike. Ule mchoro unauamkia kila asubuhi, shikamoo. Huu wangu, ambao haujamzuia mtu, haujamuua mtu, ndio unaniambia ni uongo?"

"Hapo ndipo ulipo ugonjwa wake," Ekwaro alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Hakuna aliyekufa hapo. Barabara isiyo na msalaba hata mmoja, Callistus, utaiheshimu kwa nini?"

"Siiheshimu. Naipenda. Zile zingine nimeziheshimu nikamaliza."

Ekwaro akageuka, akatoka.

Jioni ile Osukuku alikwenda kwa Mama Amongin. Alibeba mrija wake mwenyewe, ameuosha. Kigoda chake kilikuwa pale pale, hakuna aliyekikalia na hakuna aliyemkaribisha. Akaketi bila kukaribishwa. Madereva wawili waliofika siku hiyo walizitoa barabara zao: lori limelala ubavu karibu na Webuye, mvua imefungua shimo jipya upande wa Bungoma. Mama Amongin akawamiminia maji ya moto. Zamu ikafika kwa Osukuku.

"Useme kwanza," alisema Ekwaro.

"Nitasema. Nitasema haipo, kila nikiianza, ili asije mtu akaitafuta Kabale." Zephaniah alicheka puani. "Lakini lile neno lako jingine, kwamba nilidanganya, hutalisikia kwangu. Hata leo, hata nikizikwa."

Mkono wa Ekwaro ulikuwa karibu na chungu. Kila mtu aliuangalia. Osukuku alitia mrija wake bila kungoja ruhusa, akamkazia mzee macho, akaanza.

"Barabara hii haipo. Hakuna aliyezaliwa kando yake, na hakuna aliyezikwa. Unaanzia juu, kwenye misonobari, gia ya pili, lami imelowa. Kona ya kwanza ni ya kushoto, usiikimbilie..."

Aliendelea hadi handakini. Mrija haukuchomolewa.