Kulabu ya Kuopoa Torpedo

Mwaka wangu wa tatu wa uhandisi wa meli hapa Guangzhou nilihama bweni, nikapanga chumba cha ghorofa ya juu karibu na Kangle, mtaa wa viwanda vidogo vya nguo. Cherehani za mtaa ule hazinyamazi, lakini kodi ilikuwa nafuu. Mwenye nyumba alikuwa mzee aliyefiwa na mkewe, sikio la kushoto halisikii.

Jumamosi moja alipanda kurekebisha bomba, akaona michoro mezani kwangu. Nilikuwa nasanifu kreni ya kuopoa vitu baharini. Akavaa miwani, akaitazama kwa muda.

"Hii kulabu itaua mtu, mwanangu."

Nikamuuliza amejuaje. Akaketi kitandani, akanieleza. Ujana wake wote aliumalizia kwenye meli ya jeshi ya kujaribia torpedo, yale makombora yaendayo chini ya maji. Za majaribio hazikuwa na baruti. Zikimaliza mwendo ziliibuka zikaelea, nyekundu ili zionekane. Yeye na mwenzake walishuka na boti ndogo kuzifunga kamba, kreni ya meli ikazipandisha.

"Siku moja tulisogelea torpedo mapema," akasema. "Pangaboi lake la nyuma lilikuwa bado linazunguka. Mwenzangu ameinama na kulabu fupi kama hii yako. Ikanasa kwenye pangaboi. Wimbi likainua boti, akavutwa mkono."

"Akafa?"

"Hapana. Vidole vinne vilikwenda. Akarudi kwao kulima ndizi."

Alichukua penseli yangu bila kuniomba, akachora mti mrefu wenye kitanzi nchani. Kitanzi kikishaizunguka torpedo, unavuta kamba, nacho kinaachana na mti. Wewe unabaki mbali. Sikukiamini. Basi tukapanda juu ya paa na mpini wa deki na kamba ya marobota ya vitambaa, akaning'iniza dumu la maji kwenye kamba ya nguo, akawa analisukuma huku na huku. Mara ya kwanza hadi ya kumi na kitu nilikosa. Alikuwa hacheki wala hasifu, anasema tu, "Tena," hadi kitanzi kikalinasa dumu.

Siku ya kutetea mradi, mwalimu mmoja aliuliza wazo lile nimelitoa wapi. Nikajibu, kwa mwenye nyumba wangu. Wawili wakacheka. Wa tatu, aliyewahi kufanya kazi melini, akaniambia nilichore tena ubaoni, polepole. Nikafaulu.

Nilitaka kumshukuru mzee kwa jina kwenye ukurasa wa mbele wa ripoti ya mradi. Akakataa.

"Mimi vidole vyangu ninavyo. Mwandike yeye."

Mwenzake alikuwa ameshafariki. Mzee akanionyesha herufi za Kichina za jina lile, akanisimamia nikiziandika, akanirudisha mara mbili kwa mstari mmoja uliopinda. Nakala tukaituma kwa binti wa marehemu.

Binti alimpigia mzee simu wiki tatu baadaye. Walizungumza karibu saa nzima kwa Kikantoni, si Kimandarini tulichozoea mimi na mzee. Mimi nilielewa lile jina tu.