Nilifuta Miaka Saba Kuokoa Diski

Muuguzi wa zamu alipiga simu saa nne asubuhi. Toleo jipya la programu yetu ya kukokotoa dozi za hospitali, siku yake ya kwanza wodini, limesema mtoto wa kilo kumi apewe dawa mara mbili ya kipimo chake.

Pona yake ni kwamba muuguzi yule haamini kompyuta hata kidogo. Alipiga hesabu kwa mkono, chupa akairudisha kabatini.

"Nani kagusa hesabu ya dozi?" bosi akauliza.

Swali jepesi hilo. Kila badiliko kwenye programu yetu huhifadhiwa: nini kimebadilishwa, lini, na nani.

Yaani, lilikuwa linahifadhiwa.

Wiki iliyotangulia seva, kompyuta kuu inayohifadhi kazi yetu yote, ilijaa pomoni, bosi akaniagiza nipunguze. Mtunza seva ni mimi. Nikafuta historia yote ya miaka saba, nikabakiza toleo la mwisho tu. Nikajiona fundi kweli kweli.

Ujinga mtupu. Mistari ya programu haikuchukua nafasi ya maana. Kilichojaza diski ni picha za mafunzo, kila toleo limewekwa zima zima. Ningetoa hizo tu.

"Dozi ni kazi ya shemeji yako," bosi akasema. "Saa kumi anapata barua ya kuachishwa kazi."

Shemeji ni mume wa dada yangu, na dada ana mimba ya miezi saba.

Shemeji hakubisha. Akanisogezea laptop yake. "Humu kuna nakala ya historia yote, ya kabla hujafuta. Tafuta. Naenda kunywa maji."

Nikatafuta. Mstari nikaupata. Tarehe ipo, saa ipo, na jina ni langu.

Nilizidisha dozi mara mbili nilipokuwa najaribu seva, nikasahau kurudisha.

Nilikuwa peke yangu. Kufuta tena ni sekunde mbili tu. Sitawadanganya, nilifikiria hilo.

Nikabeba laptop hadi kwa bosi. "Ni mimi," nikasema. Kwa kuwa nimekiri mwenyewe, hakunifukuza; akanisimamisha kazi mwezi mzima.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. "Niliona jina lako tangu saa tano," akaniambia.

"Na kama ningefuta?"

"Ningepokea barua yangu, nikanyamaza. Dada yako hana ndugu mwingine."

Nililia pale pale ukumbini, mtu mzima mimi.

Jamani mnaotunza seva, diski ikijaa toeni mizigo, kumbukumbu ziacheni. Diski nyingine ipo dukani. Shemeji kama huyu sijui ningempata wapi.