Waya Iliyobaki Mtini

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema hivyo. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na vilio nyumbani kwangu vimekwisha kutosha. Naogopa ziwa likivuma, na likinyamaza naliogopa zaidi. Naogopa simu inayolia kabla sijaamka. Hata mti huu mdogo nilianza kuufuga kwa sababu ya woga, si kwa kupenda maua.

Ziwa lilipopanda lilikula bustani yangu. Nilikuwa na kipande cha ardhi huko chini, karibu na maji, nilikolima mboga za lengalenga na biringanya, na mpapai mmoja mkaidi uliokataa kuzaa. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kidogo kidogo kama mgeni anayesogeza kiti, mpaka asubuhi moja nikamwona jirani amefunga mtumbwi wake kwenye mpapai wangu. Nilimtazama kutoka mlangoni nikashindwa hata kumgombeza. Nyumba ilipona, lakini tangu hapo nilikoma kupanda kitu ardhini. Nilitaka kitu cha kijani ninachoweza kukibeba nikikimbia.

Binti yangu ndiye aliyenionyesha video katika simu yake. Mzee wa nchi za mbali alikuwa ameshika mti uliomzidi umri, nao umekaa ndani ya sahani. Mti kamili, na mizizi yake, na kivuli chake, ndani ya sahani! Bonsai, ndivyo wanavyouita. Nilimwambia arudishe nyuma nione tena.

"Mama," alisema akicheka, "weye sasa utafuga miti sawa kuku?"

Alicheka, lakini aliniwekea video nyingine katika simu yangu. Mchana, nikichambua mchele, nilikuwa natazama watu nisiowajua wakikata mizizi bila hata kutetemeka.

Kwenye barabara ya kwenda Kavimvira kuna pepinyeri, mahali wanapouza miche ndani ya mifuko myeusi: avoka, machungwa, sipre za kupanda mbele ya makanisa, na miti ya wigo. Mimi nilidhani miti ya sahani ina mbegu zake. Nilipomwuliza muuzaji kama anayo mbegu ya miti mifupi, alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua.

"Mama, miti yote inaanza mifupi," alisema. "Weye njo utaikataza kukua."

Nilinunua sipre na mchungwa, nikaiua yote miwili. Sipre niliikata majani yote ya kijani nikingojea mengine yachipue, na sipre haisamehi jambo hilo. Mchungwa niliuzamisha. Kila asubuhi nilihisi una kiu, nikaunywesha. Jioni nikahisi vilevile, nikaunywesha tena, mpaka mizizi ikaoza. Woga wangu ndio uliouua.

Niliporudi, yule muuzaji alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akanitolea umuvumu mmoja uliopinda, uliokaa sana ndani ya mfuko hadi mizizi ikautoboa. Umuvumu ni jamaa ya mkuyu; watu wa pande zetu hukata tawi lake, hulichomeka ardhini, nalo huota likawa wigo. "Beba huu," alisema. "Huu, hata weye hautaweza kuuua."

Niliutayarishia sahani kubwa ya bati niliyoitoboa kwa msumari, na udongo wa matofali yaliyopondwa na changarawe ya mtoni. Nilipokata mzizi wake mnene, utomvu mweupe ulitoka kama maziwa, nikaacha kisu nikaingia ndani kukaa kwanza. Mti haukufa. Ukatoa majani madogo, mekundu kwenye ncha. Nikapata kiburi. Nilikwenda kwa fundi wa mafeni sokoni, akanipa waya ya shaba kutoka kwenye mota iliyoungua, nami nikauzungushia mti wangu waya ile kutoka chini ya shina hadi kwenye vitawi, nikaukunja nilivyotaka. Samaki mkunje angali mbichi, nilimwambia binti yangu kwa simu. Akaniambia nimhurumie huyo samaki.

Kisha binti akaja nyumbani. Kwetu mimba ya kwanza msichana hurudi kujifungulia kwa mama yake, naye alikuja na tumbo lililotangulia mbele na miguu iliyovimba hadi vidole vikapotea. Tangu hapo sikuona kitu kingine ila miguu ile. Nilikuwa nikiikanda kila jioni kwa maji ya chumvi huku nikimsimulia vichekesho, na moyoni nikiomba. Mti niliupa maji tu, bila kuutazama. Video zilisema waya itolewe mapema, kabla haijauma ganda. Mvua zilinyesha, umuvumu ukanenepa, na mimi nilikuwa nimeshika miguu ya mwanangu.

Uchungu ulimshika jioni, tukampeleka maternite, wodi ya wazazi. Manesi walikubali mtu mmoja tu wa kukaa naye, na wifi yake ndiye aliyebaki, kwa kuwa ana nguvu na simu yake ina chaji. Asubuhi nilirudi nyumbani kupika uji. Nikamkuta mlangoni mama wa mume wa binti yangu, amefika kutoka Sange na mfuko wa mchele wa shamba lake na kuku chini ya kwapa.

Mimi na mkwe mwenzangu huyu tuliheshimiana sana, maana yake tulikuwa hatujazoeana. Wakwe kwetu hukaa kwa nafasi. Hamtazamani sana mkila, na hakuna anayepita nyuma ya nyumba ya mwenzake. Alikaa kwenye kiti, mimi kwenye kingine, tukatazama sufuria.

Simu ikalia. Ilikuwa wifi. "Bado," alisema. "Amechoka sana. Banasema njia haifunguke. Bameita dokta." Nikasikia mwanangu nyuma yake, si sauti ya kulia, ni sauti nyingine niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake. Simu ikakatika. Nilibaki na mwiko mkononi.

Mkwe wangu alisimama. Alitoa kitambaa kichwani akaanza kufumua nywele zake.

"Tufungule," alisema.

Naijua desturi hiyo. Bibi yangu aliifuata. Mwanamke akikwama kwenye uchungu, nyumbani hakibaki fundo; kila kilichofungwa hufunguliwa, ili naye afunguke. Lakini kanisani tulifundishwa kuachana nayo, na mimi naimba kwaya. "Mukwe," nilisema, "sisi ni batu ya kanisa."

"Minye pia niko mutu ya kanisa. Mungu hatakasirika juu ya nywele."

Nikaweka mwiko chini. Tulifungua masanduku, tukafungua mfuko wa mchele aliouleta, tukalegeza kamba ya kuanikia nguo, tukaacha milango wazi mbele na nyuma, tukamfungua hata yule kuku miguu. Nilifumua misuko yangu huku natembea. Sitadanganya: ilinituliza. Woga ukipata kazi ya mikono hupungua kidogo.

"Mbuzi," alisema. Alikuwa amemsikia akilia. Mbuzi wangu hufungwa nyuma ya nyumba, na siku hiyo adabu ya ukwe haikukumbukwa. Alipita mbele yangu akaenda. Kisha sikusikia kitu, wala mbuzi kufunguliwa, wala hatua zake kurudi.

Nilimkuta amesimama mbele ya mti wangu.

Niliuona kama alivyouona yeye. Mti mzima ndani ya sahani, umefungwa shaba kutoka mguuni hadi kwenye vidole, na ganda limevimba pande zote mbili za waya kama nyama ya mguu ndani ya kiatu kidogo.

"Mukwe," alisema polepole. "Ni nani alifunga huu muti?"

"Ni minye."

"Juu ya nini?"

"Juu usikue," nilisema. "Ubakie mudogo."

Maneno yakiwa bado hewani nikayasikia mwenyewe. Nilimwogopa yule mama. Mwanamke wa umri wangu, anayeishi peke yake, akinyooshewa kidole hapa kwetu kuwa mchawi, hapewi nafasi ya kueleza habari za video. Namjua mmoja ambaye nyumba yake iliezuliwa mchana kweupe, na hatujui alikokwenda. Lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba pale, na nywele zangu zimesimama ovyo, mimi mwanakwaya, niliogopa kwamba nimemfunga mwanangu kweli.

Hakupiga kelele. Alinitazama, nadhani akaona jinsi nilivyotishika. "Leta pensi," alisema.

Nilileta koleo langu la kukatia waya. Waya ya mti haizongolewi, hukatwa kipande kipande, ama sivyo tawi linavunjika. Hilo nilikuwa nimelisikia mara nyingi kwenye video na sasa vidole vilitaka kung'oa tu. Mkwe alishika sahani kwa mikono miwili, kama mtu anayemshika mtoto apigwe sindano. Nikakata. Vipande vikaanguka bati ikilia. Mahali pengine ganda lilitoka pamoja na shaba na utomvu ukatiririka, nami nikawa naomba radhi kwa sauti, sijui namwomba nani. Tulishuka hivyo mpaka chini kabisa ya shina. Hapo mzunguko mmoja ulikuwa umemezwa. Ulionekana mstari mwembamba tu unaong'aa, kama uzi ndani ya kitambaa.

"Hii nikiichimba, muti utakufa," nilisema.

"Ukufe."

Nikachukua kisu, nikaweka ncha yake kwenye ganda. Simu ikalia.

Sikuweza kuipokea. Niliitazama tu ikitetemeka juu ya jiwe. Yeye aliichukua, akasikiliza huku mkono mmoja ungali umeshika sahani. Mwishowe akaishusha.

"Bamemupasua," alisema. "Mama iko. Mutoto iko. Ni kijana. Alikawia kulia, lakini sasa analia."

Nilikaa chini kwenye vipande vya shaba. Sikulia. Nadhani sikuwa nimeamini bado, kwa sababu mkono wangu ulirudi kwenye kisu na kisu kikarudi mtini, nimalize kazi, isibaki hata moja. Mkwe wangu akanikamata kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka kikauma.

"Acha."

"Bado moja."

"Njo maana. Acha." Alikuwa anahema. "Ile moja yenye ilibakia, pengine njo inamushika huyu mutoto asirudie kwenye alitoka."

Tulitazamana, wanawake wawili wazima wenye nywele za vichaa, na hakuna aliyetaja kanisa.

Binti aliporudi nyumbani na mshono wake tulimsimulia. Alicheka huku ameshika tumbo, maana kucheka kulimuuma, akasema dokta wake apewe shukrani yeye, si mti. Ni kweli, nami nilimkubalia. Mkwe wangu alikuwa amefunga nywele zake tena, nadhifu. Siku ya kurudi Sange aliniaga kwa heshima yote ya ukwe, akainama kidogo, akasema, "Mukwe, ule muti usikufe."

Akaniachia maneno hayo mimi, muuaji wa sipre na mchungwa.

Tangu hapo ndipo nilipojifunza kweli. Nilijifunza kuchomeka kidole udongoni kabla ya kumwaga maji. Nilijifunza kwamba umuvumu ukihamishwa hupukutisha majani kwa hasira tu, lakini kabla sijajua hilo nilikwisha kukaa mbele yake siku nzima, sili. Mtoto akipata homa akiwa kwangu, nampeleka kituo cha afya kama mtu mwenye akili, na nikiwa kwenye benchi la kusubiri nafikiria kama nimeutoa mti juani. Waya ile haionekani tena. Ganda limejifunga juu yake, limeacha kovu la kuzunguka ambalo wageni hulisifu.

Msimu huu wa mvua binti alikuja na mtoto kunitembelea. Mchana mmoja alikwenda sokoni, mtoto akabaki kwangu, na mto unaoshuka mlimani karibu nasi ukavimba huko juu. Tulisikia kwanza watu, kisha mawe yakibingirika ndani ya maji. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, nikanyakua sahani kwa mikono miwili, nikakimbia kupanda mlima pamoja na wengine. Simu niliiacha. Biblia niliiacha. Watu walibeba magodoro na masufuria, mimi nilibeba mti, na mama mmoja aliniuliza kama nimepagawa.

Maji yalipita upande mwingine. Tulikuwa bado tumekaa juu huko binti alipotokea kati ya watu, bila kitambaa, bila kiatu kimoja, anaita. Aliniona. Alishika kwanza kichwa cha mtoto, kisha miguu yake yote miwili, akaibana. Mtoto alikuwa amelala.

Kisha akapiga magoti mbele ya ile sahani mapajani mwangu, yeye aliyenicheka, akapekua ukoga wa kijani na udongo, akapitisha kidole chini kabisa ya shina, taratibu, akiuzunguka mti wote kwenye lile kovu.

"Iko," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia.