Mtanga Asiyejua Baiskeli

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Tulikuwa kwenye simu ya video, mimi na binti yangu sebuleni kwangu Alexandria, na upande wa pili mama mkwe wake, mwanamke mrefu wa Frisia, kule kaskazini mwa Uholanzi. Watoto wetu walikuwa wamefunga ndoa hapa Virginia wakati wa baridi, wakwe wakashindwa kuja, kwa hiyo sisi ndio tuliotakiwa kwenda kuonana nao mwezi wa saba. Huyu mama akawa ananieleza kwa Kiingereza kwamba kwao kila safari ni baiskeli, hata kwenda mazikoni.

"Kwani sisi je?" nikamwambia. "Mimi natoka Tanga. Tanga ndiyo mji wa baiskeli Tanzania nzima. Wazee, mashehe, kina mama na mabaibui yao, wote juu ya baiskeli!"

Hapo sikusema uongo hata chembe. Kisha akaniuliza, "Na wewe pia?"

"Mimi tena!" nikajibu, na kifua nimekitoa mbele.

Akapiga makofi. Basi akasema ameshapata wazo: siku tutakayokwenda kutambulishwa, sote tutaendesha baiskeli hadi kwenye mji mdogo wa ngome walikozaliwa wazazi wake, na ukoo mzima utakuwa pale ukitungoja na kahawa. Baiskeli yangu ataitafuta yeye mwenyewe. Nikashukuru, simu ikakatika, nikabaki nimekodoa macho.

Binti yangu anaelewa Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza tangu alipoanza shule. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili, ndipo nikajua mambo yameharibika.

"Mama, wewe hujui baiskeli."

Ni kweli. Nilipokuwa na miaka saba niliiba baiskeli ya mjomba, nikapitisha mguu ndani ya fremu kama walivyofanya wenzangu, nikaishia mtaroni na mkono umevunjika. Bibi yangu akaapa kwamba sitaigusa tena akiwa hai, na bibi aliishi sana. Kuanzia hapo nikawa mtu wa kukaa keria. Nimepakiwa na kaka zangu, nimepakiwa na wajomba, nimepakiwa na marehemu mume wangu. Tanga yote naijua kutoka nyuma ya migongo ya watu.

"Mpigie umwambie ukweli," akasema.

"Simpigii!"

Nilikataa kwa ukali, lakini usiku wangu ulikuwa mchungu. Kiburi tu ningekimeza. Ila nilifikiri: nitaingia ukweni mara ya kwanza nikiwa mwongo, kisha mimi nipande ndege nirudi, mwanangu abaki na familia ile miaka yote akiwa mtoto wa yule mama mwongo. Hapana. Kilichobaki ni kuufanya uongo wangu uwe kweli, na nilikuwa na miezi mitatu.

Mwalimu nilimpata ghorofa ya chini. Ni mzee Mkongo kutoka Uvira, tunafanya kazi hoteli moja, yeye anaegesha magari ya wageni, mimi niko chumba cha kufulia. Tunaitana Mama na Papa. Nilipomweleza hakucheka, na kwa hilo namwombea dua mpaka leo. Akatoa baiskeli yake kuukuu, akanipeleka maegesho ya nyuma ya majengo yetu Jumapili asubuhi, wakati wengi wako kanisani.

"Mama, angalia mbele! Usiangalie miguu, miguu inajua kazi yake!"

Nilianguka. Jamani, nilianguka! Nilianguka kulia, nikaanguka kushoto, siku moja nikakumbatia pipa la taka. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, kilemba kimehamia sikioni. Ipo Jumapili niliyoipiga teke ile baiskeli, nikaitukana matusi ya Kitanga ambayo sikujua bado ninayo. Papa akainyanyua, akaifuta vumbi, akaniambia kwa lugha ya kwao nijipe moyo: "Kuraji, Mama. Panda."

Wiki ya sita nikaenda. Nilidhani amenishika, kumbe alishaniachia zamani. Nesi mmoja Mkenya aliyekuwa anarudi zamu akapaza sauti kutoka kwenye kibaraza chake, "Mathe, umeweza!" Nikazunguka maegesho yote nikipiga kengele bila sababu.

Nikadhani masomo yamekwisha. Papa akaja Jumapili iliyofuata amebeba gunia la mchele, kilo ishirini, akalifunga kwenye keria kwa mpira.

"Hili la nini?"

"Kwetu Uvira mutu haendeshake velo mutupu." Yaani kwao baiskeli haiendeshwi bila mzigo.

"Papa, mimi naenda kutembea na wakwe zangu! Sipeleki mchele sokoni!"

"Panda, Mama."

Nilimkasirikia vibaya sana. Gunia lilikuwa linanivuta nyuma, likinipeleka huku mimi nataka kule. Wiki iliyofuata akaongeza la pili. Niliendesha na mchele ule mpaka siku moja kabla ya kupanda ndege, nikinung'unika njia nzima.

Frisia ni tambarare, huoni hata kichuguu. Ng'ombe weusi na weupe, nyasi, maji kwenye mifereji, na upepo usiomheshimu mtu mzima. Mkwe mwenzangu, yule mama wa kwenye simu, alinikabidhi baiskeli nyeusi, ndefu, isiyo na breki za mkononi. Ukitaka kusimama unarudisha pedeli nyuma. Nikamwambia, "Nzuri, imara," kisha nikaomba niijaribu kidogo uani, nikazunguka mara nne huku nasoma bismillahi.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alitangulia na baba yake kupanga meza. Sisi wanawake watatu tukafuata. Nikawa katikati, macho mbele, meno yameumana, na kilomita ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kwenye ya tatu nikaanza kuona mandhari. Kwenye ya tano nikauona mji wenyewe: kuta za udongo zilizoota majani, kinu cha upepo kimesimama juu ya kona ya ngome, na mapaa mekundu yamebanana ndani.

Hapo tairi la binti yangu likapiga pancha.

Tukasimama. Mkwe mwenzangu akatazama tairi, akatazama saa, akasema ampigie mtu aje na gari. Keria yake yeye ilikuwa imefungwa kasha kubwa la keki. Kule mjini ukoo mzima ulikuwa unatungoja, na mimi nikamwona mwanangu anavyojikunja kwa haya, kwamba ataingia kwa wakwe ameokotwa na gari, na amechelewesha kila kitu. Ile sura yake naijua tangu ana miaka mitatu.

"Panda," nikamwambia.

"Mom, no."

"Panda nimesema! Kaa upande mmoja, nishike kiuno, na usitikisike."

Akapanda. Ni mzito kuliko mchele wa Papa, lakini si sana. Baiskeli ikayumba, nikasikia sauti ya Papa masikioni mwangu, angalia mbele, nikakanyaga. Ikanyooka. Mikono yake ikanibana tumboni nami nikahema kama punda, lakini tulikuwa tunakwenda.

Kuingia mji ule lazima uvuke daraja lenye mgongo juu ya maji ya ngome. Nikaona hapo ndipo nitakapoaibika. Nikasimama kwenye pedeli, nikamwomba Mungu, nikamkumbuka na bibi yangu, nikamwambia nisamehe, bibi. Tukafika juu. Kushuka nikarudisha pedeli nyuma taratibu, breki ikatii, tukateremkia barabara ya matofali kando ya mfereji, na meza zilikuwa pale chini ya miti, na watu wote wakasimama. Ukutani kulikuwa na mzinga wa zamani uliowekwa kuzuia maadui wasiingie. Mimi nimeingia, na mwanangu keriani, napiga kengele.

Nilifurahi mpaka nikalia. Sioni haya kusema.

Baadaye mkwe mwenzangu alinizungusha juu ya kuta zote. Mji ni mdogo, ukiuzunguka wote unakuta kahawa yako bado ya moto. Alinionyesha lango la maji, nyumba ya baba yake, kinu. Tulipokaa tena, mbele ya jamaa wote, akaniuliza, "Hebu niambie, umeanza lini kuendesha baiskeli?"

Binti yangu akaacha kutafuna.

"Mwezi wa nne," nikasema.

"Wa mwaka gani?"

"Huu huu."

Akanitazama. Akamtazama binti yangu, akageuka akalitazama daraja. Kisha akacheka mpaka akashika meza, na alipowatafsiria wengine kwa Kifrisia chao, babu mmoja akasimama akanipa mkono.

Jioni tulipotaka kurudi, mume wa binti yangu alikuwa ameshaifuata baiskeli tuliyoiacha njiani, ameliziba tairi, amelipampu, baiskeli imeegemezwa ukutani tayari. Binti yangu akaipita. Akaja akasimama nyuma yangu, mtu mzima na pete yake kidoleni, akashika keria.

"Nibebe, Mama," akasema, kwa Kiswahili.