Maziwa Tusiyochemsha

Nyumbani kwetu karibu na Kingi, milimani upande wa Goma, mtandao wa simu haufiki bondeni. Ukitaka kuongea na dunia unapanda kwenye malisho ya baba yangu, unasimama pale ng'ombe wanapolambia chumvi, na unamwomba Mungu mvua isinyeshe. Huko ndiko nilikofanyiwa usaili wa kuomba nafasi ya kusoma masta katika sayansi za tiba kwenye chuo kimoja, na mvua ilinyesha.

Chakula cha asubuhi kilinishinda. Nilikunywa kikombe cha maziwa tu, kwa sababu mama alinisimamia. Katika barua yangu ya maombi nilikuwa nimeandika kwamba nataka kuchunguza ugonjwa unaoharibu mimba za ng'ombe, ambao watu nao huupata wakinywa maziwa mabichi. Vyuo vingine vilikwisha kunikataa. Kama ningekikosa hiki, ningerudi kutazama malaria kwenye hadubini ya kituo cha afya huko Sake mpaka uzee wangu. Si kazi mbaya, ila sikuitaka tena.

Baba alikataa nipande peke yangu. Alishika mwavuli juu ya simu, si juu yangu.

"Papa, urudie tu nyumbani. Nitafanya mwenyewe."

"Na hii mvua? Simu ikilowana, huyo profesa utamuona wapi? Sema naye. Mimi siko hapa."

Alikuwepo, karibu hata nikasikia anavyopumua. Usaili ulikuwa wa Kifaransa, na Kifaransa cha baba ni kile cha kuuzia jibini kwa watu wa Goma, lakini likitajwa neno maziwa halimpiti.

Profesa alikuwa mama mwenye miwani, mpole, na upole wake ulizidi kunitia hofu. Maswali ya kwanza niliyajibu kama kasuku, kwa maneno niliyoyakariri. Ndama akaja akaanza kulamba mkoba wangu, nikamsukuma kwa goti, na nadhani profesa aliona. Kisha akauliza, "Kwenu mnachemsha maziwa?"

Kwetu maziwa hayachemshwi. Wazee husema ukiyaweka motoni, chuchu za ng'ombe zitapasuka na maziwa yatakatika. Baba ameishi hivyo maisha yake yote, na maziwa hayohayo ndiyo yaliyonilipia masomo. Nikisema ndiyo, nimedanganya mbele yake. Nikisema hapana, nimemwita mjinga chini ya mwavuli wake mwenyewe. Lakini mficha uchi hazai.

"Hapana," nikasema. "Tunakunywa mabichi. Hata mimi, leo asubuhi."

Profesa alifungua kinywa, picha ikaganda, simu ikakatika.

Nilitaka kulia, na nililia kidogo. Nilizunguka malishoni nimeinua simu juu kama mwehu, nikiwalaani ng'ombe, mnara na mdomo wangu. Nani atampa nafasi mtu anayekunywa ugonjwa anaotaka kuuchunguza? Baba alinifuata na mwavuli. Nilijua amekasirika.

"Ule ugonjwa wenye uliandika," akasema mwishowe. "Unaharibishaka mimba ya ngombe?"

"Ndiyo, Papa."

"Na ya muntu?"

"Inaweza."

Akageuka kutazama paa la nyumba yetu kule chini, moshi wa jiko la mama ukipanda kwenye mvua. Mama alipoteza mimba kabla yangu, na baada yangu akapoteza nyingine, na nyingine tena. Mimi ni mtoto wao wa pekee. Jambo hilo halizungumzwi nyumbani.

"Na zile za mama yako? Ni maziwa yangu ilifanya vile?"

"Sijue, Papa. Ni ile niko natafuta kujua."

Simu ikaita. Profesa aliomba radhi kwa mtandao, akasema amebakiwa na swali moja: kwa nini wewe, na si mwingine? Jibu la swali hilo nilikuwa nalo, zuri, refu, nimelikariri mpaka usingizini. Sikukumbuka hata neno. Nilimwambia kwamba baba yangu ameniuliza jambo sasa hivi na nimeshindwa kumjibu, kisha nikamweleza ni jambo gani. Profesa aliandika kitu, akasema asante, wataniandikia. Baba hakusogea, ila mwavuli uliinamia simu na maji yakaniingia shingoni.

Tuliposhuka, mama alikuwa ametumiminia maziwa. Baba aliketi, asiguse kikombe chake. Nami sikugusa changu.

"Juu ya nini munanyamaza?" mama akauliza. "Walikukatala?"

"Bado hawajajibu, Mama."

"Basi munywe. Ni ya sasa hivi, ingali na joto ya ngombe."

Baba akanitazama, na nikaona anataka mimi ndiye nimwambie mama kwa nini hatunywi.