Uyoga Hautaki Kelele

Juzi nilimtoa mbio mfanyakazi wangu, yeye na redio yake, katika nyumba yangu ya uyoga hapa Kimemi. Sina diplome, lakini Butembo nzima hakuna anayenishinda kwa uyoga!

Wakati wa vita, nikiwa mtoto, mimi na Mama tulirudi kijijini kwetu Vuhovi kutoka mafichoni porini, na njaa kali. Mama alifungua mlango, ndani giza na joto, harufu ya udongo. Mvua ilikuwa imepita kwenye matundu ya risasi katika bati la paa, ikalowesha maganda ya maharagwe, na uyoga mweupe ulikuwa umejaa juu yake! Nikapiga kelele ya furaha.

“Kimya, papa, mwanangu!” Mama akaninong'oneza. “Ni ule tunakulaka.”

Tukaupika, tukala bila neno. Nilidhani uyoga unaogopa kelele, kumbe Mama aliogopa basoda, wanajeshi, wasitusikie. Leo najua uyoga unataka giza, joto na maji tu. Mais hata hivyo, kwangu redio haiingii.