Mlinzi Asiye na Daftari

Shule niliishia darasa la tatu, na sioni haya. Karasha la kusagia mawe ya dhahabu ninalo, hapa Kharumwa, nimelipata kwa mgongo wangu. Na kuna siku nilimnyoosha msomi.

Msomi mwenyewe ni binti yangu wa mwisho. Alitutengenezea tovuti ili wachimbaji washike zamu ya kusaga kwa simu, wasisukumane mlangoni. Ikawa kichekesho. Unaandika neno la siri, inakupokea. Ukigusa ukurasa wa pili, inakuuliza tena wewe nani. Wa tatu, vilevile.

Mchimbaji mmoja akanionyesha simu yake. "Shikamoo mzee, lakini mtambo wako unasahau kuliko bibi yangu. Mawe napeleka kwa jirani." Wenzake wakaanza kuinua viroba.

Nikaingia ofisini moto. "Wewe mtoto, wateja wanaondoka!"

"Baba, sielewi. Nimeandika klasi, yaani kiolezo cha programu, inaitwa Mlinzi. Kila ukurasa unatoa Mlinzi wake humo, naye anashika jina la aliyeingia."

"Ukurasa ukiisha, huyo mlinzi anakwenda wapi?"

"Anakufa. Ukurasa mwingine unatoa mwingine."

"Na jina?"

Akaigeukia kompyuta. "Linakufa naye!"

Nikapiga meza! Hilo nalijua mimi. Zamani kwenye duara letu, shimo la kuchimbia dhahabu, mlinzi alishika kichwani majina ya walioshuka. Zamu ikaisha, akaenda kulala. Magogo yanayoshikilia kuta za shimo yakalia kama yanataka kuvunjika, mlinzi mpya hajui amwite nani. Wote walitoka wazima, lakini tangu siku hiyo daftari likakaa mdomoni mwa shimo, na kila anayeshuka anavaa kibati chenye namba yake ya daftarini. Walinzi wanabadilika, daftari halibanduki.

"Baba! Hiyo ndiyo seseni!" Karibu aangushe kiti. Akanieleza: daftari linakaa kwenye seva, ile kompyuta inayoendesha tovuti, simu inabeba namba tu, kama kibati. Kila Mlinzi mpya, kabla hajamuuliza mtu, afungue daftari kwanza. Vidole vikakimbia, mistari michache tu.

Nikatoka mbio, umri huu, nikamkuta yule mchimbaji anafunga viroba kwenye pikipiki. "Jaribu tena!"

Akaandika neno la siri, akinung'unika. Ukurasa wa pili. Wa tatu.

"He! Haijaniuliza!"

"Bonyeza zamu."

Akabonyeza. Jina lake likatokea, la kwanza kwenye orodha. Akaanza kufungua kamba za viroba, nami nikapiga kelele karasha liwashwe.